Ujumbe si pesa, na kukosa ujumbe si deni

Jumatatu iliyopita nilipigiwa simu tatu kabla ya saa nne asubuhi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kondele alisema mfumo wangu umemwibia. Mhasibu wa sacco alisema malipo ya jana "yamepotea hewani". Wa tatu alikuwa karani wa shule moja ya kutwa kwenye barabara ya Ahero, shule ambayo sitaitaja. Yeye aliuliza kitu kimoja tu: "Fundi, mzazi akikosa mesej ya M-Pesa, si ina maana hajalipa?"

Hapana. Haina maana hiyo, haijawahi kuwa na maana hiyo, na nimelisema jambo hili kwa miaka 11 ya kuunganisha malipo ya simu na programu za hesabu hapa Kisumu. Leo naliandika, ili atakayeuliza tena nimtumie ukurasa huu.

Nianze na shule, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi. Nilipofika, mama alikuwa amesimama kwenye dirisha la karani, kijana wake kando yake na mkoba mgongoni. Kijana alikuwa amerudishwa nyumbani asubuhi hiyo, na mama akarudi naye kwa miguu.

"Mama, nionyeshe ujumbe," karani akasema.

"Mwanangu, nimelipa jana jioni. Salio langu limepungua, angalia."

"Bila ujumbe siwezi kukusaidia, mama."

Nikaomba simu. Ilikuwa kabambe ya vitufe, kioo kimepasuka pembeni, na juu kabisa ya kioo kulikuwa na alama ya bahasha inayowakawaka. Yeyote aliyetumia simu hizo anaijua alama hiyo: sanduku la ujumbe limejaa. Nilimwomba ruhusa, nikafuta matangazo ya kamari na ya mikopo, kama 20 hivi. Hazikupita sekunde 10, simu ikalia mara nne mfululizo. Ujumbe wa tatu ulikuwa wa M-Pesa, wa jana saa moja na dakika 42 jioni, shilingi 8,200.

Hakuna muujiza hapo. Ujumbe mfupi haurushwi moja kwa moja kutoka kwa mtumaji hadi kwako. Unafika kwanza kwenye kituo cha mtandao, unahifadhiwa, kisha kituo kinajaribu kukufikishia. Simu ikiwa imezimwa, haina mtandao au imejaa, kituo kinasubiri na kujaribu tena baadaye. Ukifuta ujumbe wa zamani, simu yenyewe inauarifu mtandao kwamba sasa inaweza kupokea. Muda wa kusubiri ukiisha kabla hujafuta, ujumbe unatupwa na hutauona kamwe. Ndivyo teknolojia hii ilivyo tangu ujumbe wa kwanza kabisa ulipotumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Ilibuniwa kwa salamu. Haikubuniwa kuwa stakabadhi.

Sisi ndio tulioifanya stakabadhi. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, simu za watu wengi zilikuwa kama ya yule mama, na njia pekee ya kumwambia mtu kwamba muamala umekamilika ilikuwa ujumbe. Ulikuwa uamuzi mzuri, na siulaumu. Lakini tabia iliyoota hapo imekuwa na mizizi mirefu: chama kinadai ujumbe, mwenye nyumba anadai ujumbe, karani wa serikali anadai ujumbe. Taratibu watu wakaamini kwamba pesa inaishi ndani ya simu, ndani ya ujumbe.

Pesa yenyewe iko benki, katika akaunti za amana zinazoshikiliwa kwa niaba ya wateja wote. Kilicho chako ni mstari kwenye leja, yaani daftari la hesabu: namba yako, salio lako. Ukilipa, mstari wako unapungua na wa mwenzako unaongezeka kwa pamoja, na hapo malipo yamekamilika. Yote yanafanyika kwenye seva, yaani kompyuta kuu za mfumo. Hadi 2015 seva hizo zilikuwa Ujerumani, kwa hiyo mtu aliyenunua omena soko la Kibuye hesabu yake ilikuwa inafanyika Ulaya kisha jibu linarudi. Ujumbe huja baada ya hayo yote, ukisimulia jambo lililokwisha kutokea. Unaweza kuchelewa, usifike, au ukaandikwa na mtu ambaye hajatuma hata shilingi moja.

Na hapo ndipo yule wa Kondele alipoingia.

Mteja alichukua mifuko 20 ya saruji na mabati, akaonyesha simu, kijana wa dukani akasoma jina la duka, kiasi na tarehe, akafungua geti. Nilipoangalia picha aliyopiga kijana, msimbo wa muamala ulianza na SK. Misimbo ya M-Pesa ina jumla ya herufi na tarakimu 10, na mwanzo wake hufuata kalenda: herufi ya kwanza ni mwaka, S kwa 2024 na T kwa 2025, ya pili ni mwezi, A kwa Januari hadi L kwa Desemba, ya tatu ni siku, 1 hadi 9, kisha A kwa tarehe 10 na kuendelea. SK ni Novemba 2024. Tarehe iliyoandikwa kwenye ujumbe ule ilikuwa ya Machi 2025. Mtu alichukua ujumbe wake wa zamani, akabadilisha kiasi, jina na tarehe, akasahau msimbo.

Msianze sasa kutumia herufi hizo kama kufuli. Mwizi anayejua kalenda hiyo atairekebisha kwa nusu dakika. Nimelitaja ili muone kwamba kusoma ujumbe kwenye simu ya mteja ni sawa na kumwomba mteja ajiandikie risiti.

Wenzangu wa kompyuta hupenda kusema wafanyabiashara ni wazembe. Nalipinga hilo kwa nguvu zote. Nimekaa Kibuye Jumapili nikaangalia. Mwenye kibanda ndiye mwenye tili, yaani namba ya duka ya kupokelea malipo, na simu iliyosajiliwa kupokea taarifa za tili anayo yeye, naye yuko kwingine ananunua mali au yuko kanisani. Kibandani kuna binti aliyeajiriwa, na mbele yake wateja sita. Aangalie nini? Simu pekee iliyo mbele ya macho yake ni ya mteja. Anaiamini kwa sababu sisi tuliojenga mifumo hatukumwachia kitu kingine cha kuangalia. Ipo njia ya kusajili wasaidizi kwenye tili ili nao waone malipo yakiingia, lakini wenye maduka wengi niliowauliza hawakuwa wameisikia, na waliosikia wanaogopa msaidizi kujua wanauza kiasi gani kwa siku. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Mauzo ya siku ni siri ya nyumba. Mpaka leo sina jibu zuri la kuwapa, zaidi ya kuwaambia wampe msaidizi simu ya kazi na wakubali ajue.

Waandishi wa programu nao wana toleo lao la kosa hilohilo. Ukimtumia mteja kisanduku cha kuweka PIN, mfumo unajibu papo hapo kwamba ombi limepokelewa. Ombi! Bado mteja hajagusa simu. Jibu la kweli linakuja baadaye kwenye anwani ya seva yako uliyoiandikisha, likiwa na namba: 0 malipo yamefanyika, 1 salio halitoshi, 1032 mteja amekataa, 1037 simu haikupatikana. Nimeshafungua programu za vijana wazuri kabisa nikakuta jibu la kwanza limechukuliwa kama malipo, bidhaa imetoka, na mteja alibonyeza kukataa. Na jibu la pili nalo linaweza kukosa kufika, seva yako ikiwa imelala. Usipojua, uliza upya hali ya muamala. Usikisie. Na likija mara mbili, lihesabu mara moja.

Sasa turudi kwenye zile shilingi 8,200. Hata bila ujumbe, pesa ilikuwa imeingia shuleni tangu jana jioni. Kwa nini karani hakuiona? Kwa sababu mahali pa namba ya akaunti mama alikuwa ameandika "ya form two".

Hili ndilo linalonichosha kuliko yote, na hakuna anayelizungumzia. Paybill, njia ya M-Pesa ya kulipia bili, inataka vitu viwili, namba ya biashara na namba ya akaunti, na watu wanaichukulia ile ya pili kama mahali pa kuandika salamu. Katika akaunti ya kusubiri ya shule ile nilikuta "fees", "school", "mama yake", "balance ya term 1", na jina la utani la mtoto ambalo hakuna mwalimu aliyelijua. Pesa zote hizo ziko benki ya shule. Hazina mwenyewe. Watoto wao wanarudishwa nyumbani huku karo yao imeketi ndani.

Zamani tulikuwa na kamba ya kujivutia: namba ya simu ya aliyelipa ilikuja pamoja na taarifa, tukailinganisha na namba ya mzazi kwenye daftari la shule. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ianze kutekelezwa, namba inakuja imefichwa. Mimi naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo. Nilishaona namba za wanawake zikichukuliwa kwenye orodha za malipo na kusumbuliwa usiku. Lakini nisiposema ukweli nitakuwa mwongo: tangu wakati huo, mzazi aliyekosea akaunti ana shida ya kupatikana kuliko zamani, na mzigo huo wamebebeshwa wenye simu ndogo na wanaolipa kupitia kwa ajenti au jirani.

Mfumo unaweza kukagua akaunti kabla pesa haijapita na kuikataa isiyojulikana. Huduma hiyo huombwa, haiji yenyewe. Ukiiomba, unatakiwa kuamua jambo moja ambalo mafunzo hulipita kwa mstari mmoja: seva yako ya ukaguzi isipojibu, malipo yakubaliwe au yakataliwe? Ukisema yakataliwe, siku stima inapopotea, mzazi aliyesafiri kutoka Nyakach kuja kulipa anarudi na pesa mfukoni, na pengine haitafika wiki ijayo. Ukisema yakubaliwe, unajaza ile akaunti isiyo na mwenyewe. Kwa shule nimechagua yakubaliwe. Kwa kliniki moja nilichagua yakataliwe, kwa sababu mgonjwa yuko palepale dirishani na anaweza kurudia. Nimeubadilisha uamuzi wa shule mara mbili na bado sina uhakika nao.

Serikalini ni mambo hayohayo kwa ukubwa mwingine. Malipo ya huduma za serikali yamekusanywa kwenye tovuti ya eCitizen na Paybill 222222, na hapo namba ya akaunti ndiyo inayoitambulisha huduma unayoilipia. Naona faida yake: njia ni moja, na pesa hazipitii mkononi mwa mtu. Lakini mwishoni mwa Julai 2023, eCitizen iliposhambuliwa na kuzidiwa kwa maombi ya uongo, tuliona upande wa pili. Mlango ukiwa mmoja, ukifungwa umefungwa kwa wote. Na mwananchi aliyekwama foleni alikuwa akiambiwa neno lilelile la karani wa Ahero: nionyeshe ujumbe.

Nawaomba makarani, kwa dhati kabisa: chukueni msimbo kama mzazi anao, msipoupata chukueni kiasi, tarehe na saa, kisha tafuteni kwenye taarifa ya Paybill. Mimi nilitumia dakika nne. Msimbo unaweza hata kusomwa kwa simu na jamaa aliyelipa kutoka Nairobi. Ujumbe wenyewe hauna haja ya kuwapo mbele yenu.

Na wazazi: muulizeni karani namba ya udahili ya mtoto, muiandike kwenye karatasi, mumpe ajenti karatasi hiyo. Msimtajie kwa mdomo.

Yule mama hakugomba. Karani alipoiona 8,200 kwenye kompyuta yangu alisimama, akasema, "Mama, nisamehe," na akamwandikia kijana kibali cha kuingia darasani. Mama akauliza kama yale matangazo niliyoyafuta yatarudi. Nikamwambia yatarudi, na nikamwonyesha jinsi ya kuyafuta mwenyewe. Alifanya mara mbili nikiangalia, kisha akaifunga simu kwenye leso.

Kesho narudi pale shuleni. Tumebadilisha ukurasa wa karani ili uanze na sehemu ya kutafuta, na ile safu iliyoandikwa "ujumbe umeonyeshwa: ndiyo au hapana" nimeiondoa. Akaunti ya kusubiri bado ina malipo 37. Moja ni la shilingi 500, la Januari, na limeandikwa "ya mtoto". Nitaanza na hilo.