Uvimbe wa neva ya sikio: je, upasuaji utanipooza uso?

Daktari wa hospitali ya Mulago, Kampala, anasema uvimbe wangu si saratani na uko kwenye neva ya sikio. Uso unahusikaje?

Uvimbe huo huitwa shwanoma. Huota kwenye neva ya usikivu na mizani ya mwili, ambayo hupita katika tundu jembamba la mfupa pamoja na neva ya uso, ile inayofumba jicho na kukuwezesha kutabasamu. Uvimbe ukikua huisukuma neva ya uso na kuitandaza mpaka iwe laini kama ngozi ya kitunguu, tena imeshikana nao. Hatari kubwa huja wakati wa kuubandua, na huzidi uvimbe ukipita sentimita 3. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kikuubo, eneo la maduka jijini Kampala, anayejikuta anasikiliza simu kwa sikio moja tu aende kupimwa, asingoje mpaka aanze kuyumba.

Huko ndani daktari anaitambuaje neva ya uso?

Kwa darubini na kwa umeme. Ukishalala, sindano nyembamba huchomekwa kwenye misuli ya jicho na ya mdomo. Daktari akigusa neva kwa kifaa chenye mkondo mdogo, misuli hushtuka na mashine hulia. Kazi ikiisha neva hupimwa tena karibu na shina la ubongo. Ikiitika kwa mkondo mdogo sana, wa miliampia 0.05 tu, ni dalili njema. Mtoa nusu kaputi naye huepuka dawa za kulegeza misuli kwa muda mrefu, maana msuli uliolegezwa hauitiki. Kabla ya kutia saini uliza, "Mashine ya kufuatilia neva ya uso ipo?" Si utovu wa adabu.

Nasikia wengine huachiwa kipande cha uvimbe. Si uzembe?

Mara nyingi ni makusudi. Kipande kilichogandamana na neva huachwa, kisha hufuatiliwa kwa MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, na kikikua kinaweza kupigwa mionzi. Kwa maoni yangu, kung'ang'ania kumaliza uvimbe wote kwa gharama ya uso si ushindi.

Nikiamka mdomo umekwenda upande?

Si lazima iwe kiharusi, wala si jini. Uso uliokuwa mzima mwanzoni ukalegea siku kadhaa baadaye kwa kawaida hurudi vizuri. Neva iliyojeruhiwa bila kukatika huchukua miezi, pengine mwaka.

Linaloharibika haraka ni jicho. Lisipofumba hukauka, na konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, hupata kidonda. Tia matone ya machozi bandia mara kwa mara mchana, na marhamu usiku. Ukifunga kope kwa plasta, hakikisha kwanza limefumba kabisa, la sivyo plasta yenyewe italikwaruza jicho. Kwenye boda vaa miwani. Miti shamba isiguse jicho hata tone. Likiwa jekundu au likiona ukungu, nenda kliniki ya macho siku hiyohiyo hata kama haliumi: neva ya hisia za uso na jicho nayo huweza kuguswa na uvimbe au upasuaji, na jicho lenye ganzi halilalamiki.