Gunia 20 stoo sio kujiandaa

Huku Mbeya tangu ile korona utasikia watu, mambo yakiharibika nchini mwenye stoo imejaa mahindi ndo atapona. Sio kweli jamani, mahindi yakiingia na unyevu yanaota ukungu unaoweza kutoa sumukuvu, sumu ambayo haiishi kwa kupika ugali, kwahiyo cha kuweka akiba ni ujuzi kwanza. Mfano kupima unyevu, chukua chupa ya soda ya kioo iliyokauka kabisa, tia chumvi kavu kidogo na mahindi robo chupa, tikisa vizuri halafu iache itulie kama robo saa, chumvi ikinata kwenye kioo rudisha mahindi juani (na usianike chini kwenye udongo, tandika turubai bwana!), isiponata ndo unafikiria kuhifadhi.

Na mbegu je? Kuna wanaotunza UH6303, mbegu ya mahindi ya kituo cha utafiti Uyole, toka mavuno yao wakidhani wana mbegu ya maisha, ile ni chotara (imetokana na kuchanganya mbegu tofauti), ukiipanda tena inatoka mchanganyiko na mavuno yanashuka. Ya kutunza mwenyewe ni ya kienyeji, na chagua mahindi ya katikati ya shamba, ya pembeni mara nyingi yameshachavushwa na ya jirani.