Acheni Kuyasingizia Maharage

Nani aliwaambia watu wa Mwanza kwamba kila goti linalouma ni gauti, yaani fuwele za asidi ya yuriki zilizojikusanya kwenye kiungo? Mtu anapima asidi ya yuriki, karatasi inarudi imeandikwa "juu", na kuanzia siku hiyo nyumba nzima haili nyama wala maharage. Anahamia dagaa, kana kwamba dagaa hawana purini, ile inayogeuka asidi ya yuriki mwilini. Goti liko palepale.

Wengi wenye asidi ya juu hawapati gauti maisha yao yote. Na mwenye gauti yenyewe, yule ambaye kidole gumba cha mguu kimevimba hata shuka likikigusa anapiga kelele, anaweza kupimwa siku hiyohiyo na majibu yakasoma kawaida. Uhakika unapatikana kwa kuvuta maji ya kwenye kiungo na kutafuta fuwele kwa darubini maalumu. Wengi wetu madaktari hatufanyi hivyo. Tunasikiliza maelezo, tunakagua kiungo, tunakisia. Wakati mwingine tunakosea.

Mama mmoja anabeba dagaa Mwaloni, Kirumba, jioni anapanda mawe kurudi kwake. Goti hukaza dakika chache asubuhi kisha likaachia. Akianza kupanda ndipo linamchoma. Nikilikunja, linakwaruza chini ya kiganja changu. Hiyo ni osteoathritisi: gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, inachakaa. Lakini alipopimwa, asidi ilisoma juu. Sasa ilipandaje? Nikamwomba dawa zake za presha: haidroklorothiazaidi. Inamkojoza, lakini inafanya figo zibakize asidi ya yuriki. Hakuna aliyemuuliza, maharage yakabebeshwa kesi.

"Mama, kula maharage yako," nikamwambia. Akanitazama kama nimemtania.

Tiba yake haina mbwembwe: mazoezi ya kukaza misuli ya paja, kupunguza uzito, jeli ya kupaka ya diklofenaki, dawa ya maumivu. Vidonge vya diklofenaki kila siku, kwa mtu wa presha, vinaweza kuumiza figo. Na kuna jambo linalonisumbua: picha ya eksirei ikiwa mbaya, mwenye goti anatembea, ikiwa nzuri, mwenzake analia. Sina maelezo yanayoniridhisha.

Gauti nayo, sehemu kubwa ya asidi inatengenezwa na mwili wenyewe, kwa hiyo kujinyima chakula kunaishusha kidogo tu. Bia na soda zinachangia zaidi ya maharage, ila hizo hakuna anayezitaja. Dawa ni alopurinoli, inayopunguza asidi hiyo: unaanza miligramu 100 kwa siku, unapanda polepole hadi asidi kwenye damu ishuke chini ya mikromoli 360 kwa lita. Miezi ya mwanzo maumivu yanaweza kurudi kwa nguvu, kwa sababu fuwele za zamani zinayeyuka, ndiyo maana tunaongeza kolkisini kidogo, dawa ya kuzuia mashambulizi hayo. Hapo ndipo wagonjwa wanapotukimbia: "Dokta, dawa yako imenizidishia." Anaiacha, anarudi duka la dawa kuchomwa sindano, baadaye ana vinundu vya fuwele kwenye kiwiko. Usiiache katikati ya maumivu!

Baridi yabisi ni habari nyingine, wala haitokani na upepo wa ziwa. Vidole vya mikono yote miwili vinavimba, asubuhi vimekakamaa zaidi ya saa nzima. Huyo anahitaji mapema methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, kabla viungo havijapinda. Inamezwa mara moja kwa WIKI. Ukiimeza kila siku inaweza kukuua.

Na kiungo kimoja kikivimba ghafla, kina moto, una homa, achana na asidi ya yuriki. Huenda ni usaha. Nenda hospitali leo.