Je, wajua kwa nini lipu ya saruji hubanduka kwenye nyumba za mawe za Mikindani?

Mjomba wangu ana nyumba ya mawe, ya kurithi, pale Mikindani, mji wa kale wa pwani karibu na Mtwara. Miaka michache nyuma alichoka na kuta zake zenye mabaka, akaita fundi, akamwambia: "Saruji usinibanie. Nataka nipige lipu mara moja nisahau." Fundi hakubana. Mwaka wa kwanza nyumba iling'aa. Mwaka wa pili zikaonekana nyufa nyembamba kama unywele. Mwaka wa tatu, katikati ya mvua, kipande cha ukubwa wa mlango kilishuka barazani usiku kwa kishindo, tukadhani mwembe umeangukia paa. Asubuhi tukatazama nyuma ya kile kipande: ukuta umelowa, na mawe yanamung'unyika kama andazi lililochovywa kwenye chai.

Sasa ajabu iko uani. Huko saruji haikufika, na lipu ya chokaa waliyoipiga wazee bado imeshika. Ukiikwaruza kwa funguo inatoa unga. Ile ya saruji ilikuwa ngumu kiasi cha kuruka cheche ukiigonga kwa nyundo. Inakuwaje ngumu ndiyo ianguke, laini ibaki?

Jibu linaanzia kwenye jiwe lenyewe. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, ambayo ni mifupa ya viumbe wa baharini, na kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Chokaa nayo inatokana na mawe hayohayo. Unayapanga kwenye tanuu, unayachoma mpaka nyuzi 900 hivi za sentigredi, yanatoa hewa ya ukaa na kuwa mepesi: kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56. Ukilimwagia maji hilo lililobaki linachemka, linavimba na kupasuka kuwa unga. (Usilichezee. Linaunguza ngozi, na jichoni linaweza kukupofua.) Unga huo ukikorogwa na mchanga ukapigwa ukutani, taratibu unavuta tena ile hewa ya ukaa iliyotoka tanuuni na kurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo ukuta wa matumbawe wenye lipu ya chokaa umevaa nguo ya kitambaa kilekile cha mwili wake. Vyote viwili vinapumua, vinatanuka na kusinyaa karibu sawa.

Saruji haisubiri hewa. Inashikana kwa kula maji, hata ukiizamisha ndani ya maji inakaza. Inakuwa nzito, ngumu, na matundu yake ni madogo mno. Ukiivisha nyumba ya zamani unakuwa umeifunika kwa turubai. Na nyumba hizi hazina karatasi ya kuzuia unyevu kwenye msingi, basi maji ya ardhini hupanda ukutani kama mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi. Zamani yalitokea kwenye chokaa yakakaushwa na upepo wa kusi, habari ikaisha. Sasa yanafika nyuma ya saruji yanakwama. Hapo yanaacha chumvi, na Mikindani chumvi haina haja ya kuagizwa. Chumvi ikikauka inajenga punje, punje zinahitaji nafasi, zinasukuma. Kitakachokubali kuachia ni kile kilicho laini zaidi, yaani jiwe. Ndiyo maana kipande kilichoanguka kilikuwa kizima, kimebeba unga wa ukuta mgongoni. Lipu haikushindwa, iliushinda ukuta.

Ukitaka ushahidi mkubwa kuliko uani kwa mjomba, vuka uende Kilwa Kisiwani. Husuni Kubwa ni jumba la karne ya 14, halina paa, linapigwa na mvua na upepo wa bahari, na bado kuna mahali utaona lipu ya chokaa imeganda ukutani. Chokaa ina tabia moja nzuri: ufa mdogo ukiingiwa na maji, maji huyeyusha chokaa kidogo, yakikauka huiacha palepale kwenye ufa. Inajitia kiraka. Saruji ikipasuka hubaki na ufa wake.

Lakini nisieleweke kwamba saruji ni mbaya. Nyumba nyingi zinazojengwa leo Mtwara na Lindi ni za tofali za saruji, na ukuta huo unastahili lipu ya saruji. Shida iko kwenye namna tunavyoipiga. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, yaani ndoo mbili kubwa kasorobo. Kwa nje, mfuko mmoja kwa ndoo saba za mchanga unatosha. Kwa ndani hata ndoo kumi. Wenye pesa huzidisha saruji wakidhani wanaongeza nguvu, kumbe wanaongeza kusinyaa. Lipu yenye saruji nyingi ndiyo inayochanika kama ramani. Na mchanga wa ufukweni, hata kama uko nyuma ya nyumba na ni wa bure, una chumvi: rangi itavimba na ukuta utaota unga mweupe.

Fundi anayeijua kazi utamtambua kabla hajagusa mwiko. Kwanza anafagia ukuta, kisha anaumwagia maji, kwa sababu tofali kavu hunyonya maji ya lipu kabla saruji haijayatumia. Kama uso wa ukuta unateleza sana, anarushia kwanza majimaji ya saruji na mchanga wa chenga, ukwaruze. Kisha anatoa vipimo: vibonge vidogo vya lipu juu na chini, vimepimwa kwa timazi, ndivyo vitakavyomwongoza. Ndipo anatupia. Neno ni kutupia, si kupaka. Lipu inapigwa kwa nguvu ya kiwiko ili hewa isibaki nyuma yake. Anavuta rula kutoka kibonge hadi kibonge, anajaza mabonde, anasugua kwa kibao. Unene wa milimita 12 hadi 15 unatosha. Ukuta ukiwa umepinda, ujazwe kwa tabaka mbili, la kwanza likwaruzwe likiwa bichi ili la pili lipate pa kushika.

Kuna janja moja inanikera. Jioni imeingia, lipu bado bichi, fundi anataka kwenda, basi anairushia saruji kavu juu ili ikaze upesi na kuteleza vizuri. Inapendeza siku hiyo. Baada ya miezi utaona vinyufa vya utando wa buibui, kwa sababu ngozi ya juu imekuwa ngumu kuliko nyama yake. Ni kosa lilelile la nyumba ya mjomba, kwa kipimo kidogo. Jingine ni kuongeza maji kwenye karai lililoanza kukaza. Msaidizi wa fundi akoroge kiasi cha kuisha ndani ya saa moja, basi. Na ukuta umwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku saba, hasa kwa jua hili letu.

Lipu nyingine ni ya jasi, ambayo wengi tunaiita jipsamu. Iko kwenye ardhi yetu, Kilwa inachimbwa. Ukiichoma kwa joto la nyuzi 150 hivi tu inapoteza sehemu kubwa ya maji yake, ukiirudishia maji inakaza kwa dakika chache. Ni jamaa yule yule aliyekufunga hogo ulipovunjika mguu. Ndani ya nyumba, kwenye dari na skimu (lile tabaka jembamba la mwisho kabla ya rangi), haina mpinzani kwa ulaini. Nje usiipeleke, inayeyuka kidogo kidogo kwa mvua.

Na kabla ya yote kulikuwa na kukandika, na bado kupo vijijini: udongo, mchanga, majani makavu yaliyokatwakatwa, maji, na miguu ya kukanyagia. Tabaka la kwanza linabandikwa kwa mikono juu ya miti na fito, linaachwa lipasuke linavyotaka, kisha la pili lenye mchanga zaidi linafunika nyufa. Makuti yakishuka vya kutosha kuukinga ukuta na mvua, nyumba inakaa, na ukarabati wake ni ndoo ya udongo na asubuhi moja.

Nyumba ya mjomba tuliivua saruji yote ya mbele, tukauacha ukuta ukauke kiangazi kizima. Mzee mmoja wa Mikindani akaja na chokaa ya mfuko aliyoiloweka kwenye pipa wiki nzima, akachanganya moja kwa mchanga tatu, akapiga tabaka nyembamba tatu, kila moja ikisubiriwa siku kadhaa, zikifunikwa magunia mabichi zisikauke ghafla. Mjomba alikuwa na haraka ya rangi. Kila alipouliza, mzee alimshika mkono, akamkandamizia ukucha ukutani.

"Umeingia?"

"Umeingia."

"Basi bado, bwana. Inavuta hewa."

Wiki ya tano ukucha uliacha alama tu, na rangi aliyoruhusiwa ilikuwa ya chokaa vilevile.