Kumbukumbu ya kudumu ya msaidizi wa msimbo ni nini?

Kumbukumbu ya kudumu ni maandishi yanayotunzwa nje ya modeli ya akili unde, kisha modeli inapewa iyasome kila kazi inapoanza upya. Ni hayo tu. Wengi hudhani kwamba wasaidizi wa msimbo, yaani programu za akili unde zinazosaidia kuandika programu za kompyuta, kama Claude Code, Cursor au GitHub Copilot, huuzoea mradi kadiri siku zinavyokwenda. Hawauzoei. Modeli ilikwisha kufunzwa kabla hujaifungua, na haibadiliki ndani yake eti kwa kuwa ulikesha nayo ukisaka hitilafu hadi saa nane usiku.

Ndani ya kikao kimoja huonekana inakumbuka kwa sababu kila unapouliza swali, mazungumzo yote ya nyuma hutumwa kwake tena pamoja na swali hilo. Nafasi ya kuyabeba huitwa dirisha la muktadha, nayo hupimwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno. Dirisha likikaribia kujaa, baadhi ya programu hufupisha yaliyotangulia, na katika kufupisha mambo madogo hupotea. Ukianza kikao kipya, dirisha huwa tupu.

Tuseme vijana wawili wa Kisumu wanaunda programu ya michango ya chama cha wachuuzi wa samaki kule Dunga, malipo yakipitia M-Pesa. Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, unataka namba ya simu ianze na 254, si sifuri. Jumatatu msaidizi anaelezwa hilo na analirekebisha vizuri. Jumatano, katika kikao kipya, anaandika sehemu ya kuwakumbusha wenye madeni, na sifuri imerudi palepale. Pengine anaongeza na kichujio kinachokataa namba zinazoanza na 01, kana kwamba Kenya nzima ingali kwenye 07.

Walinzi wa mageti walilimaliza tatizo hili zamani kwa kitabu cha OB, yaani daftari la matukio: wa usiku huandika, wa mchana husoma kabla ya kushika zamu. Kwa msaidizi wa msimbo, kitabu hicho ni faili ya maandishi ya kawaida ndani ya folda ya mradi. Claude Code husoma CLAUDE.md, Copilot husoma copilot-instructions.md iliyo ndani ya folda ya .github, Cursor ina folda yake ya kanuni, na programu kadhaa sasa husoma AGENTS.md. Vijana wetu wangeandika hivi:

“Namba zote zihifadhiwe zikianza na 254. Jibu la malipo likija mara mbili lisihesabiwe mara mbili. Kagua kwanza CheckoutRequestID, yaani utambulisho wa ombi la malipo. Faini ya kuchelewa haitozwi miezi ambayo uvuvi wa omena umefungwa, kwa uamuzi wa chama.”

Huo mstari wa mwisho ndio wenye thamani kubwa kuliko yote. Msaidizi anaweza kusoma msimbo mwenyewe na kuona faili zipi zipo na lugha gani imetumika, kwa hiyo kumwandikia hayo ni kupoteza wino. Asichoweza kukiona ni sababu. Akikuta sharti la ajabu linalosamehe faini kwa miezi fulani, bila maelezo, anaweza kulichukulia kuwa uchafu na kulifuta akidhani anasafisha. Andika maamuzi, andika na kilichoyaleta. Andika pia njia mliyoijaribu mkaiacha, la sivyo atawapendekezea ileile kila wiki, tena kwa furaha.

Kuna kumbukumbu za kifahari zaidi. Nyingine hugeuza maelezo kuwa vekta, yaani orodha za namba zinazowakilisha maana, katika hifadhidata, ili yatafutwe kwa maana badala ya neno kwa neno, na huunganishwa na msaidizi kupitia MCP, itifaki ambayo Anthropic iliitoa Novemba 2024. Zina kazi yake kwenye miradi mikubwa. Kwa timu ya watu wawili, mimi ningebaki na faili. Ikiwa ndani ya Git, mfumo unaotunza historia ya mabadiliko ya faili, kila mmoja anaona nani alibadilisha nini, na mstari wa uongo unaweza kupingwa na kuondolewa. Hifadhidata huweza kuibua uamuzi wa mwaka jana na kuuleta kana kwamba ungali na nguvu, na hakuna aliyeuona ukipita.

Faili nayo isinenepe. Kila mstari hula nafasi ya dirisha na gharama ya tokeni katika kila kikao, na maagizo yakiwa mengi mno mengine hurukwa. Tena ni maagizo tu, si kufuli: jambo lisilokubali kukosewa, kama hesabu ya pesa za watu, lilindwe na majaribio ya msimbo yanayokataa kupita likivunjwa.

Funguo za siri za Daraja hazina nafasi humo, wala majina na namba za wanachama. Msaidizi anapotumia modeli iliyo mtandaoni, maandishi hayo husafiri hadi kwenye seva za kampuni nyingine, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamwajibisha anayekusanya taarifa hizo. Na chama kikibadilisha kanuni ya faini, mstari wa zamani ufutwe siku ileile msimbo unapobadilishwa, kwa sababu msaidizi atauamini kesho kama alivyouamini jana.