Serikali Kuu ya Marekani na Majimbo Yake: Mpaka wa Mamlaka Uko Wapi?

Mtu anayesikia kwamba bangi imeuzwa kwa leseni katika jimbo la Colorado tangu mwaka 2014, ilhali sheria ya shirikisho haijaacha kuikataza kwa matumizi ya starehe, ana haki ya kuuliza ni serikali ipi hasa inayotawala Marekani. Zinatawala zote mbili juu ya raia yuleyule, na mpaka kati yao umesogezwa mara nyingi.

Chini ya mkataba wa kwanza wa muungano, ulioanza kutumika mwaka 1781, Bunge la taifa halikuweza kutoza kodi. Liliyaomba majimbo fedha, nayo yakatoa yalipopenda. Wajumbe waliokutana Philadelphia mwaka 1787 ndipo wakaandika Katiba iliyoipa serikali kuu mamlaka yaliyotajwa waziwazi, kama vile kutoza kodi, kutangaza vita na kusimamia biashara baina ya majimbo, na iliyoiweka sheria ya shirikisho juu ya sheria ya jimbo pale zinapogongana. Marekebisho ya Kumi ya mwaka 1791 yakayaachia majimbo, au wananchi wenyewe, mamlaka yote yasiyokabidhiwa serikali kuu wala kukatazwa kwa majimbo. Ndiyo sababu shule, ndoa, leseni za udereva na sehemu kubwa ya kesi za jinai zimo mikononi mwa majimbo.

Hata hivyo, anayeishia kwenye maandishi ya Katiba hataona nguvu halisi ilipo, kwa maana serikali kuu hupata kwa fedha mengi ambayo haiwezi kuyapata kwa amri. Mfano ulio wazi ni umri wa kununua pombe. Mwaka 1984 Bunge halikuyaamuru majimbo kuweka umri wa miaka 21. Lilisema tu kwamba jimbo litakalokataa litapunguziwa fedha za barabara kuu. South Dakota, iliyowaruhusu vijana wa miaka 19 kununua bia nyepesi, ilipinga sharti hilo mahakamani, na mwaka 1987 Mahakama ya Juu ikalihalalisha, ikizingatia kwamba kiasi kilichokuwa hatarini kilikuwa asilimia 5 tu ya fedha hizo. Ni hiari, lakini hiari ya mtu anayehitaji barabara. Mwaka 2012 mahakama hiyohiyo iliona mstari umevukwa pale majimbo yalipotishiwa kunyimwa fedha zote za Medicaid, mpango wa matibabu kwa wenye kipato kidogo, endapo yangekataa kuupanua.

Kinga nyingine ya majimbo haitajwi sana, nayo ina uzito mkubwa. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali kuu haiwezi kuwalazimisha maofisa wa majimbo na wa kaunti kutekeleza sheria yake, katika kesi iliyohusu wakuu wa polisi wa kaunti waliotakiwa kuwachunguza wanunuzi wa bunduki.

Hapo ndipo suala la bangi linapoeleweka. Mwaka 2005 Mahakama ilithibitisha kwamba Bunge linaweza kukataza hata mmea uliopandwa nyumbani kwa ajili ya tiba. Lakini polisi wengi nchini humo ni wa majimbo na wa miji, na serikali kuu haiwezi kuwatuma wakamkamate muuzaji ambaye jimbo lenyewe limempa leseni.