Acheni kusema West Indies waliishiwa vipaji

Nafundisha kriketi vijana wa shule hapa Mwanza, na karibu kila mzazi aliyefuatilia mchezo huu zamani ananiletea hoja ileile: West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibiani, walitamba kwa sababu walikuwa mapande ya watu wenye vipaji vya kuzaliwa, kizazi kile kikapita, basi timu ikaporomoka. Kisha anamsukuma mwanawe mbele: "Kocha, huyu Msukuma halisi, mcheki urefu wake, wewe mpe mpira tu." Wiki hii nimeambiwa tena Nyakato. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Tuanze na umbo. Mrushaji wao Joel Garner alipita mita mbili, sawa. Lakini Malcolm Marshall, ambaye kwangu ndiye mrushaji bora kuliko wote wale, hakufika hata futi sita. Aliangusha wiketi 376, yaani aliwatoa wapigaji mara 376, katika testi (mechi za kimataifa za siku tano), kwa wastani wa mikimbio, yaani pointi za wapinzani, isiyofika 21 kwa wiketi. Uwanja wa Headingley, Uingereza, mwaka 1984 alivunjika kidole gumba cha kushoto. Akaingia kupiga kwa mkono mmoja ili Larry Gomes afikishe mikimbio 100, kisha akarudi kurusha, mkono ukiwa na plasta, na kuwatoa Waingereza saba kwa mikimbio 53. Urefu gani huo?

Na hao "wa kuzaliwa" walichapwa testi 5-1 huko Australia msimu wa 1975-76. Viv Richards alikuwemo, Michael Holding alikuwemo, Andy Roberts alikuwemo. Kilichobadilika baada ya pale ni kazi. Nahodha Clive Lloyd alijenga mashambulizi juu ya warushaji wanne wa kasi. Mwaka 1977, kwenye mashindano ya Kerry Packer, tajiri wa televisheni wa Australia, wakakabidhiwa mkufunzi wa viungo wa Australia, Dennis Waight, aliyewakimbiza mpaka wakawa na pumzi kuliko wapinzani. Majira ya joto walikuwa Uingereza wakichezea kaunti, yaani klabu za majimbo ya huko: Richards na Garner Somerset, Marshall na Gordon Greenidge Hampshire, Lloyd Lancashire. Miezi mizima ya kriketi, karibu kila siku. Baada ya kushindwa na New Zealand mwanzoni mwa 1980, hawakupoteza mfululizo wowote wa testi hadi Australia ilipowaangusha mwaka 1995.

Kilichokufa ni karakana ile. Kaunti zilibana nafasi za wageni, pichi za nyumbani zikawa za polepole, bodi na wachezaji wakagombania malipo hadi mwaka 2009 kikosi cha pili kikapelekwa kucheza na Bangladesh, kikapoteza testi zote mbili nyumbani. Kipaji hakikukosekana hata kidogo. Mwaka 2004 Brian Lara alipiga mikimbio 400 bila kutolewa dhidi ya Uingereza, rekodi ya dunia, katika mfululizo uleule ambao timu yake yote ilitolewa kwa mikimbio 47 tu pale Kingston, Jamaika, na wakaupoteza. Anayeamini kipaji kinatosha anieleze hilo.

Ndiyo maana kwangu hakuna kushika mpira kabla ya kukimbia. Ukishaushika, natandika kipande cha turubai kwenye pichi, pale mpira unapotakiwa kutua, na utakilenga jioni nzima, uwe mrefu au mfupi. Mzazi anayesema mwanawe amekuja kucheza, si kukimbia, amtafutie kocha mwingine.

Wengine wanailaumu T20, kriketi fupi ya saa chache. Tarehe zinakataa. T20 ilianza 2003, ligi yake ya India, IPL, 2008. Kabla ya hapo West Indies walishachapwa 5-0 Afrika Kusini msimu wa 1998-99, na 5-0 tena Australia 2000-01. Iliwavuta wachezaji, ndiyo, lakini ilikuta timu imeshaanguka, na ikawapa Kombe la Dunia la T20 mara mbili, 2012 na 2016.

Sheria ya kupunguza mipira ya kichwani? Ilikuja 1991, nao wakakaa miaka mingine minne bila kupoteza mfululizo. Imetosha.

"Kenya walibahatisha kuwashinda West Indies kule Pune, India, Kombe la Dunia 1996." Hili linaniuma kama mtu wa Afrika Mashariki. Kenya walipata mikimbio 166, wakawatoa West Indies kwa 93, Maurice Odumbe akichukua wiketi 3 kwa mikimbio 15. Bahati haiangushi wiketi kumi.

Sasa kuna wanaosema wamekwisha kabisa. Ni kweli walikosa Kombe la Dunia la mechi za siku moja la 2023 baada ya kushindwa na Scotland kule Harare, na Julai 2025 Australia iliwatoa kwa mikimbio 27. Lakini Januari 2024, uwanja wa Gabba, Brisbane, Australia, mrushaji Shamar Joseph, kijana wa Baracara huko Guyana, kijiji kinachofikiwa kwa boti, alirusha akiwa na kidole cha mguu kilichogongwa na mpira wa Mitchell Starc siku iliyotangulia. Aliangusha 7 kwa mikimbio 68. West Indies wakashinda kwa mikimbio 8, testi yao ya kwanza kushinda ndani ya nchi ya Australia tangu 1997.